Kugeuza destroya kuukuu kuwa mlinzi wa misafara: maswali ya watunzi wa historia mbadala

Maswali haya hurudi kila mara mtu anapotunga jeshi la majini ambalo halikuwahi kuwapo na kuamua kwamba jeshi hilo liliishtukia mapema hatari ya nyambizi. Majibu yameegemea kisa kimoja cha kweli: destroya (manowari ndogo zenye mbio) za Uingereza za aina ya V na W, zilizoundwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kukatwakatwa upya wakati wa Vita vya Pili ili zisindikize misafara ya Atlantiki. Ukielewa kwa nini mafundi walikata pale walipokata, jeshi lako la kubuni utaliunda mwenyewe.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini uhangaike na meli kuukuu badala ya kuunda mpya?

Kwa sababu ya muda. Bodi, mitambo na shafti ndivyo vinavyokula miezi kiwandani, na meli kuukuu inavyo tayari. Ukiwa na destroya 60 zilizofungwa gatini tangu vita iliyopita, una chuma kilichokwisha kuundwa na mitambo iliyokwisha kulipiwa.

Sababu ya pili watunzi wengi huisahau, nayo ni mwendo. Meli mpya ya bei nafuu ya Uingereza ilikuwa koveti (meli ndogo ya kusindikiza) ya aina ya Flower: tani 925, injini moja ya mvuke ya mtindo wa zamani, ramani yake ikiwa imetoholewa kwenye meli ya kuvulia nyangumi. Ilikwenda noti 16 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC, ikiwa juu ya maji usiku, ilikwenda noti 17.7. Koveti ilimwona adui, ikamfukuza, na adui akazidi kuwa mdogo mbele ya macho yake. Kwa hiyo kila kundi la ulinzi lilihitaji walau meli moja au mbili za kukimbiza, na mbio ndicho kitu pekee ambacho destroya kuukuu ilikuwa nacho kwa wingi.

2. Hizo V na W zilikuwa meli za namna gani kabla ya kuguswa?

Ndefu, nyembamba, zenye njaa ya mafuta. Urefu wake ulikuwa mita 95 hivi na upana mita 9. Boila tatu, nguvu farasi 27,000, noti 34 siku ya majaribio, tani 367 za mafuta. Mizinga minne ya inchi 4, pamoja na mabomba ya kurushia topedo (makombora yanayokwenda chini ya maji) katikati ya sitaha.

Zilikusudiwa Bahari ya Kaskazini: kutoka bandarini, kupigana siku moja au mbili, kurudi. Hakuna aliyezichora akiwaza wiki mbili za Atlantiki nyuma ya meli za mizigo zinazojikokota kwa noti saba.

3. Je, zote ziligeuzwa kwa namna moja?

Hapana. Kundi moja, meli 15, lilipewa mizinga mipya ya kutungulia ndege. Jingine lilifanyiwa marekebisho madogo likabaki pwani ya mashariki ya Uingereza, ambako adui alikuwa boti za topedo zaidi ya nyambizi. Kundi la tatu, takriban meli 20, liligeuzwa kuwa walinzi wa masafa marefu. *Vimy* ndiyo iliyotangulia, mwaka 1941. Majibu yaliyobaki yanahusu kundi hilo la tatu.

## Boila, mafuta na masafa

4. Kwa nini waling'oa boila nzima? Si hasara hiyo?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, na ndilo watunzi hulifikia mwisho baada ya kumaliza kupanga mizinga. Ningeshauri lianze.

V na W zilikuwa na dohani mbili: ya mbele nyembamba, ikihudumia boila moja, na ya nyuma nene, ikihudumia boila mbili. Mafundi waliondoa ile nyembamba pamoja na boila yake. Chumba kikabaki kitupu katikati ya meli, chini, mahali bora kuliko pote chomboni. Wakakigawa kwa sakafu. Nusu ya chini ikawa tangi la mafuta, nusu ya juu ikawa malazi ya mabaharia.

Walichopoteza ni theluthi moja ya mvuke. Mwendo wa juu ulishuka hadi noti 24 na ushei. Kwa mtu aliyezoea sifa za destroya hilo linauma, lakini hebu pima: nyambizi juu ya maji inakwenda noti 17.7, chini ya maji inakwenda 7 na kitu kwa muda mfupi kabla betri hazijaisha. Mwenye noti 24 anamfikia. Tena sona (chombo kinachomtafuta adui chini ya maji kwa mwangwi wa sauti) ya wakati huo haikusikia kitu chombo kikienda kasi sana; kelele ya maji yako mwenyewe ilifunika mwangwi wa adui. Zile noti kumi za juu zilikuwa anasa, na zililipiwa kwa mafuta.

Kumbuka pia kwamba meli inayosindikiza haiwashi boila zote. Siku nyingi inazunguka msafara polepole. Boila ya tatu ilikuwa mzigo uliobebwa kila siku kwa ajili ya saa chache ambazo huenda zisifike.

5. Si wangejaza mafuta baharini tu?

Walijaza, na jeshi lako lijifunze mapema. Lakini kujaza mafuta kunahitaji bahari ikubali, na Atlantiki ya Kaskazini haikubali kila siku.

Mfano ulio wazi ni msafara ONS 5, Mei 1943. Kiongozi wa ulinzi, Peter Gretton, alikuwa ndani ya *Duncan*, destroya nzuri ambayo haikupewa masafa marefu. Dhoruba ilizuia mipira ya mafuta isiunganishwe. Tarehe 3 Mei ilibidi *Duncan* iache msafara na kukimbilia Newfoundland, muda mfupi kabla ya mapigano makubwa kuanza. Uongozi ukaangukia *Tay*, frigeti ambayo sona yake ilikuwa imeharibika. *Vidette*, V kuukuu iliyogeuzwa kama ilivyoelezwa katika swali la 4, ilibaki na kuzamisha nyambizi. Msafara ulipoteza meli 13 kwa jumla. Wajerumani wakapoteza nyambizi sita katika pambano lile la siku chache.

Meli mpya na yenye kasi zaidi iliondoka. Bibi kizee wa 1918 akabaki kwa sababu alikuwa na tangi mahali palipokuwa na boila.

## Silaha na macho

6. Nini kinatoka sitahani na nini kinaingia?

Unatoka mzinga wa kwanza kule omo (mbele), kwa kawaida, na mahali pake panakaa Hedgehog (swali la 7). Unatoka mzinga wa mwisho kule tezi (nyuma), ili kupata nafasi ya mabomu ya kina (yanayozama na kulipuka chini ya maji), reli zake na mitambo ya kuyarusha pembeni. Yanatoka mabomba ya topedo, jambo lenye ubishi wake (swali la 15). Inabaki mizinga miwili, na inatosha: nyambizi iliyoibuka haihitaji minne.

Shehena ya mabomu ya kina ilipanda hadi yapata mia moja. Bomu moja la Mark VII lina uzito wa kilo 190 hivi. Zidisha, ndipo utaona kwa nini vitu vingine ilibidi vitoke.

7. Hedgehog ni nini, na kweli ilizidi mabomu ya kina?

Jina lake maana yake ni kalunguyeye, kwa jinsi safu za vyuma vyake zinavyosimama kama miiba. Inarusha mabomu 24 madogo mbele ya meli, umbali wa mita 200 hivi, yakaanguka kwa umbo la duara. Kila bomu hulipuka likigusa kitu kigumu tu.

Ubora wake unatokana na udhaifu wa sona. Miale ya sona ilitoka mbele kwa mshazari; ukimkaribia adui aliye kina kirefu, anapotea chini ya miale. Bomu la kina hutupwa tezi, yaani meli ipite kwanza juu ya adui huku ikiwa kipofu, kisha bomu lizame taratibu, kama mita tatu kwa sekunde. Nahodha wa nyambizi mwenye akili alikuwa na nafasi ya kukata kona. Hedgehog ilirushwa wakati sona bado inamwona. Na isipogusa kitu hailipuki, kwa hiyo maji hayavurugiki na msako unaendelea.

Hesabu za Waingereza za vita nzima: mashambulizi 5,174 ya mabomu ya kina yalileta ushindi 85.5 (nusu ni ya kugawana), yaani mmoja kwa kila 60. Mashambulizi 268 ya Hedgehog yalileta 47, mmoja kwa chini ya kila sita. Lakini usitupe mabomu ya kina. Bomu lisilompata adui bado humtikisa, humlazimisha kukaa chini ya maji, humzuia asiufikie msafara. Kalunguyeye aliyekosa hamtishi mtu.

8. Rada iwekwe wapi?

Juu, na hapo ndipo shida huanzia. Rada ya sentimita 10, Type 271, iliyojaribiwa baharini kwenye koveti *Orchis* mwaka 1941, ilikaa ndani ya kibanda kama taa ya mnara, juu ya daraja la nahodha. Iliweza kuona nyambizi iliyoinua mgongo usiku, jambo ambalo sona haikuweza. Novemba 1941 *Marigold* iliitumia karibu na Gibraltar na kuizamisha U-433.

Kitafuta mwelekeo wa redio kilitaka ncha ya mlingoti isiyo na vitu vingine. Wajerumani walizungumza sana redioni, kwa hiyo chombo hicho kilikuwa na faida kubwa. Kama mlingoti ni mmoja, amua nani anakaa kileleni.

## Uzito, watu na karakana

9. Nimeongeza rada, Hedgehog na mabomu mia moja. Kwa nini mnaniambia meli yangu itapinduka?

Kwa sababu umeongeza juu na hukuongeza chini. Wahenga wetu walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wao walikuwa na shabaha nyingine, lakini fundi wa manowari angeweza kuining'iniza methali hiyo ukutani kama ilivyo: kila kitu kinachowekwa sitahani kinadaiwa ngamani, chini kabisa ya chombo.

Japani ililipa deni hilo tarehe 12 Machi 1934. *Tomozuru*, boti ya topedo iliyobanwa chini ya tani 600 lakini ikapakiwa mizinga na topedo za meli kubwa, ilipinduka katika mawimbi karibu na Sasebo na kuua watu wapatao mia moja. Marekani ililipa tarehe 18 Desemba 1944, tufani ilipozizamisha destroya *Hull*, *Monaghan* na *Spence*. *Spence* ilikuwa imekaukiwa mafuta, na matangi matupu yanaifanya meli iwe nyepesi mahali inapotakiwa kuwa nzito.

Hapa pana mtego wa mageuzi ya masafa marefu. Tangi jipya kule chini ni farumi nzuri (uzito wa chini wa kuituliza meli) likiwa limejaa. Siku ya kumi na mbili limekwisha. Dawa ni kulijaza maji ya bahari, lakini tangi lenye maji ya chumvi halipokei mafuta mpaka litolewe maji hayo, na nahodha anayetumaini kukutana na meli ya mafuta kesho atasitasita. Riwaya nzuri ingeweza kujengwa juu ya kusitasita huko tu.

10. Mabaharia wanalala wapi?

Kila chombo kipya kinadai watu wa kukihudumia saa 24: rada, redio, mabomu. Wanaoongezeka wanalala katika nusu ya juu ya kile chumba cha boila, wenye bahati. Wengine wanatundika machela juu ya meza za kulia. Koveti za kwanza zilikuwa na omo fupi, na chakula kilibebwa kutoka jikoni kupita sitaha iliyo wazi. Kilifika baridi, kikiwa na maji ya bahari, au hakikufika. Baadaye sitaha ya mbele ilirefushwa. Usione kama mambo madogo. Mtu asiyelala siku tisa haisomi sona vizuri.

11. Mageuzi yachukue muda gani katika hadithi yangu?

Miezi, si wiki. Na swali gumu ni karakana ngapi unazo, kwa kuwa meli zilizopigwa topedo nazo zinapanga foleni. Kanada iliunda koveti nyingi haraka kuliko ilivyoweza kuziboresha. Mwishoni mwa 1942 baadhi bado zilitumia dira ya sumaku ilhali za Waingereza zilikuwa na rada mpya na dira bora. Msafara ONS 154, chini ya ulinzi wa kundi la Kanada, ulipoteza meli 14 Desemba mwaka huo, kisha makundi ya Kanada yakaondolewa kwa muda kwenda mafunzoni. Mabaharia walilaumiwa kwa kosa la ratiba ya karakana.

## Historia mbadala yenyewe

12. Jeshi langu linaanza mageuzi mwaka 1937. Nipewe nini?

Boila inayong'olewa, matangi, sona, mabomu ya kina, malazi. Hivyo vyote viliwezekana. Rada ya sentimita 10 hapana: kifaa chake kikuu, magnetroni ya vyumba, kilifanya kazi kwa mara ya kwanza Birmingham Februari 1940 mikononi mwa Randall na Boot. Hedgehog nayo ilitengenezwa vitani, ikaenea 1942. Ukitaka vifike mapema, eleza nani alivitaka na kwa nini. Jeshi linaloamini kwamba sona imemaliza tishio la nyambizi halitagharimia silaha mpya.

Kitu cha bei rahisi ambacho ungeweza kukiwahisha ni mafunzo. Waingereza walianzisha Liverpool, 1942, chumba cha kuchezea vita ya misafara sakafuni chini ya Gilbert Roberts. Kilihitaji chaki, sakafu na watu wenye akili. Vyote vilikuwapo 1937.

13. Je, mkataba wa London wa 1930 unazuia?

Ulizuia na ulifungua mlango, mpaka vikomo vyake vilipokwisha mwishoni mwa 1936. Uliweka kikomo cha jumla ya tani za destroya: 150,000 kwa Uingereza na Marekani kila moja, 105,500 kwa Japani. Lakini meli zisizozidi tani 600 hazikuhesabiwa, ndiyo maana *Tomozuru* ya swali la 9 ikazaliwa ilivyozaliwa. Wala hazikuhesabiwa meli za hadi tani 2,000 zisizo na topedo, zisizobeba mizinga zaidi ya minne mikubwa, na ambazo hazikuundwa kwenda zaidi ya noti 20.

Basi mwanasheria wako wa kubuni aweza kudai: destroya iliyong'olewa boila mbili na topedo zote imehamia fungu hilo. Wapinzani watajibu kwamba mkataba unatazama ilivyoundwa, na iliundwa kwa noti 34. Mimi ningewapa wapinzani ushindi, lakini sura ya mazungumzo hayo ningeisoma kwa hamu.

14. Nchi yangu haina destroya kabisa.

Tafuta meli za nyangumi na za uvuvi. Ni imara, zinageuka upesi, na mabaharia wake wanaijua bahari mbaya. Afrika Kusini ilifanya hivyo. Mbili zake, *Protea* na *Southern Maid*, zilisaidia kuizamisha nyambizi ya Kiitalia *Ondina* katika Mediterania Julai 1942. Ujerumani nayo iligeuza meli nyingi za aina hiyo.

Au kopa. Uingereza ilipokea destroya 50 kuukuu za Marekani mwaka 1940 kwa kubadilishana na haki za vituo vya kijeshi. Lakini zilikuwa na duara pana mno la kugeukia, kasoro ambayo hakuna karakana iliyoiondoa.

## Pembezoni

15. Kumgonga adui kwa omo, na kubakiza topedo: yanafaa?

Kugonga kunaua nyambizi, na mara nyingi kunamtoa mlinzi vitani kwa miezi. Tarehe 11 Machi 1943 *Harvester* iliigonga U-444 na kuharibika. Ikaelea pale bila nguvu mpaka U-432 ilipoipiga topedo na kuizamisha. Koveti ya Wafaransa Huru, *Aconit*, ikaimaliza U-432.

Kuhusu topedo, jibu la kawaida ni ziondolewe. Uzito wake ni wa mabomu mengi ya kina. Baadhi ya meli zilibakiza bomba kwa ajili ya bomu la Mark X, bomu la kina la tani moja lililorushwa kutoka ndani yake. Lakini kisa kinachonifanya nisite kimeanzia kwetu.

Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), meli za kivita za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini. Walinzi walikuwa haba. Katikati ya mwaka huo nyambizi za Kijapani zilizamisha zaidi ya meli 20 katika mkondo wa Msumbiji. Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria uliondoka Kilindini kwenda Colombo. *Khedive Ismail* ilibeba watu 1,511, wakiwamo askari 996 wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki na wauguzi 53. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi I-27 iliipiga topedo. Ilizama katika dakika chache mno, na watu 1,297 wakafa.

Destroya *Petard* na *Paladin* zilitupa mabomu ya kina mahali waliponusurika walikuwa bado wakielea, kwa sababu adui alikuwa chini yao. I-27 ikaibuka. *Paladin* ilielekea kuigonga, ikaamriwa ikwepe, na usukani wa kuzamia wa nyambizi ukaichana *Paladin* ubavu. Mizinga ya inchi 4 ya *Petard* haikuweza kuizamisha. Ndipo *Petard* ikaanza kurusha topedo, moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoipasua.

Mlinzi wa masafa marefu wa swali la 4 asingekuwa na topedo hata moja.